Hisa ya Mzee Kailemia

Gachoka, Mbeere Kusini
Jumatano, 5 Machi 2025

Kaka Kithinji,

Salamu kutoka huku kwenye jua. Shemeji yako Nyaga anakusalimu pia. Ndiye aliyenishauri nikuandikie badala ya kupiga simu, maana anasema mimi na kaka yangu tukipigiana simu, majirani husikia yote bila kununua muda wa maongezi. Ninaandika kwa Kiswahili ili naye asome. Kimeru changu cha hasira humpita kasi.

Juzi Jumatatu nilipanda ngazi za ofisi yenu pale Kinoru, juu ya duka la dawa za mifugo, nikakukabidhi karatasi za Baba. Ulizipokea kama karani wa posta anavyopokea kifurushi cha mtu asiyemjua. Ulisoma, ukapiga muhuri, ukaandika tarehe, ukanirudishia nakala. Hukuniuliza hata kama nimekunywa chai, nami nilikuwa nimetoka Gachoka kabla ya kuku kuamka. Tumezaliwa wawili tu, Kithinji.

Acha basi niseme kwa maandishi nililotaka kusema pale. Baba amenipa hisa yake katika Kampuni ya Wakulima wa Kathima. Amenipa akiwa hai na akili zake zote, mbele ya wakili Purity wa Embu, aliyemuuliza mara tatu kama kuna mtu amemlazimisha, mpaka Baba akamuuliza yeye kama ameolewa. Ushuru wa stempu umelipwa. Kilichobaki ni kampuni kuliandika jina langu katika daftari la wanachama, na katibu wa kampuni ni wewe.

Najua unachofikiria. Hisa ya Kailemia ilikuwa iende kwa Kailemia. Mwanao ana jina la Baba, na kwetu hilo limekuwa likitosha. Lakini Baba ana watoto wawili. Wewe alikupa shamba. Mimi nilipoolewa alinipa blanketi na Biblia, na hujawahi kusikia nikilalamika.

Nataka kuingia katika kilima cha kampuni, hilo tu. Kila Januari wanachama hupanda kukagua mpaka, na asiye na jina daftarini hubaki langoni. Tangu nikiwa mtoto nilibaki pale na Mama, na mtungi wa uji, nikimtazama Baba anavyoingia kati ya miti ile mikubwa ya miringa na ukungu ukijifunga nyuma yake. Wewe uliingia naye kwa sababu wavulana walibeba mapanga. Mimi niliyasikia maji tu. Yanatoka chini ya mwamba, mlikuwa mkisema, na hayapungui hata kiangazi kikiua ng'ombe. Nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kuona yanapotokea. Huku ninapopepeta ndengu kwenye vumbi, upepo ukitulia, bado nayasikia.

Niandike, kaka.

Dada yako,
Karwirwa


Kinoru, Meru
Ijumaa, 14 Machi 2025

Dada yangu Karwirwa,

Barua yako imenifikia kupitia ofisi ya vifurushi. Nisamehe kuhusu chai. Nilipoiona sahihi ya Baba kwenye karatasi zile nilishtuka, na mtu wa aina yangu akishtuka hukimbilia muhuri.

Nikueleze kilichonishtua. Kampuni hii iliandikishwa mwaka 1974. Tangu nistaafu ukarani wa kiwanda cha kahawa mimi ndiye katibu wake, na nilidhani naijua. Ombi lako la kuhamisha hisa ni la kwanza. Sisemi la kwanza mwaka huu. Ni la kwanza tangu kampuni izaliwe.

Ulipoondoka nilifungua daftari la wanachama na kulisoma kama mtu anavyosoma kitabu. Sikuwahi kufanya hivyo. Kila mwaka mimi hulitumia kuita majina mkutanoni, na kila jina hujibiwa. Murungi? Yuko. Salesio? Yuko. Bundi? Yuko. Lakini Murungi aliyetia kidole gumba mwaka 1974 alizikwa nikiwa kidato cha pili. Nakumbuka kwa sababu tulikosa mtihani wa jiografia. Anayejibu "yuko" ni mjukuu wake, mwenyekiti wetu. Salesio ni mjukuu wa Salesio. Bundi ni mjukuu wa Bundi. Mzee alipofariki, mjukuu aliyepewa jina lake alikuja akakaa kwenye kiti kilekile, na hakuna aliyeuliza karatasi, maana kwetu aliyepewa jina ndiye mwenye jina. Kwa daftari hili, dada, hakuna mtu amewahi kufa Kathima. Nilitazama nje ya dirisha nikaona watu wakienda zao kuelekea uwanja wa michezo, wakinunua mahindi ya kuchoma, na kwa dakika chache sikuwa na hakika nani kati yao yuko hai.

Majina arobaini na moja. Mwenye jina mmoja tu ndiye anayepumua kwa pua zake mwenyewe, na ni Baba. Alikuwa kijana kuliko wote walipoanza.

Jana niliweka karatasi zako mbele ya wakurugenzi. Kwanza nilitangaza, na nikaandika katika kumbukumbu za kikao, kwamba mwanangu ana maslahi katika jambo hili, kwa hiyo kalamu yangu itaandika lakini mdomo wangu hautamshauri yeyote. Salesio alivaa miwani, akasoma, akaivua. Bundi aliuliza kama Mzee Kailemia ni mgonjwa. Murungi akasema, "Tumeona. Tuiweke kwanza." Wakanywa chai.

Kailemia yuko Maua, shughuli za miraa hazimpi nafasi ya kuja nyumbani. Nilimweleza kwa simu. Alicheka, kisha akasema ana wateja.

Kwa sasa sina zaidi ninaloweza kukuambia. Naomba ungoje.

Kithinji,
Katibu


Gachoka
Jumatano, 2 Aprili 2025

Bwana Katibu,

Nimeona umeweka cheo chini ya jina lako, kwa hiyo nami nitaanza na cheo.

"Tuiweke kwanza." Mimi ni mtoto wa nyumba ile, usinifundishe maana yake. Mama aliwaomba wazee hao hao, au babu zao, sijui tena nisemeje baada ya barua yako, wanawake wawekewe bomba la maji pale langoni. Waliiweka. Mama amelala kaburini na bomba bado limewekwa huko walikoliweka. Wazee wa Kathima hawamkatalii mtu. Kumkatalia mtu usoni ni aibu. Wao hunyamaza na kukukaribisha chai mpaka uchoke au ufe.

Sasa sikiliza nilichojifunza. Nilikwenda Embu kwa wakili Purity kumuuliza ningoje mpaka lini. Nilitarajia aseme kama kila mtu, kwamba mambo ya wazee hayaharakishwi. Alitoa sheria ya makampuni akanisomea. Tangu siku karatasi zilipofika ofisini, kampuni ina miezi miwili. Ndani ya hiyo miezi miwili ama inaniandika, ama inaniandikia kwamba imekataa, na sababu zake. Hakuna njia ya tatu. Wakikaa kimya tu, kampuni imekosea, na wakurugenzi pamoja nayo.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba anionyeshe kwa kidole.

Kithinji, nimenyamaziwa tangu nizaliwe. Nimenyamaziwa na wanaume wa Meru, na nilipoolewa nikanyamaziwa na wanaume wa Mbeere, ingawa Nyaga anaposoma hapa anasema nimtoe. Sikujua kuna mahali palipoandikwa, tena katika sheria ya nchi hii, kwamba mkubwa hana ruhusa ya kukunyamazia zaidi ya miezi miwili. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikakaa chini kwenye ngazi ya mwisho. Watu walinipita. Nilijisikia mwepesi kama siku niliyobatizwa mtoni.

Miezi miwili inaisha tarehe tatu Mei.

Swali langu ni hili. Ulijua? Katibu wa kampuni hawezi kukosa kujua. Mbona barua yako ndefu kuhusu wafu haikutaja hata neno moja kuhusu muda? Unaniambia ningoje. Nani anafaidi nikingoja, Kithinji? Baba ana miaka themanini na minane. Akifumba macho kabla hamjaandika, kesho yake Kailemia wako atajibu "yuko."

Nijibu kwa barua. Na ufute cheo.

Karwirwa


Gachoka
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Kaka,

Hujajibu. Nimekwenda ofisi ya vifurushi mara nyingi mpaka yule binti wa dirishani ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa.

Badala ya barua yako amekuja mwanao. Jumamosi niliona pikapu imesimama kando ya duka langu la nafaka, akashuka Kailemia na kofia yake, ananiita "tata", shangazi, kwa sauti ya heshima. Alikula sahani mbili za ndengu. Alimsifu Nyaga kwa mbuzi wake. Halafu akasema, "Tata, mimi sina noma na wewe. Lakini wazee wameniambia nitulie, hiyo kitu ni yangu tayari. Mtu atahamishaje jina langu na niko hapa?"

Nilimuuliza wazee gani. Akasema, wazee tu. Nikamuuliza, baba yako amesemaje? Akasema baba yake siku hizi hasemi, anaenda ofisini na kurudi kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari, mengine ya miaka mingi. Lakini nilipofungua mdomo nikasema, "Baba, ongeza chai," maana hivyo ndivyo nimemwita tangu siku ile mama yake alipomweka mikononi mwangu na kuniambia amezaliwa Kailemia. Alikuwa mtoto mdogo amekunja ngumi, nami nilimwamkia. Utamgombezaje mtu uliyemwamkia kama baba yako? Akakaa pale ana mikono ya Baba kabisa, vidole vile vile, kucha zile zile bapa. Niliogopa, nikwambie ukweli. Niliona ni kama ninamnyang'anya Baba hisa ili apewe mtu mwingine ambaye ni mimi.

Alipoondoka alisema Maua watu hawamwulizi amesoma wapi. Humwuliza anatoka wapi, naye akisema ni wa Kathima, wa kilima kile, husogezewa kiti. Akasema hana kitu kingine cha kusogezewa kiti.

Kwa hiyo nami naelewa yanayokukaba. Lakini nieleze kwa mdomo wako mwenyewe. Je, wewe ndiye uliyemtuma?

Karwirwa


KAMPUNI YA WAKULIMA WA KATHIMA
Kinoru, Meru
Jumanne, 22 Aprili 2025

Kwa Bi. Angeline Karwirwa Nyaga,

Ombi lako lililopokelewa tarehe 3 Machi 2025 liko mbele ya wakurugenzi. Hadi leo hawajatoa uamuzi wowote.

Unaombwa usije Meru, usipige simu kwa mkurugenzi yeyote, wala usimtumie mtu, kabla ya tarehe 3 Mei kupita.

Sikumtuma mtu yeyote Gachoka.

Kithinji
Katibu


Gachoka
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Kaka Kithinji,

Barua yako ina muhuri. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Ninaombwa nisije nyumbani kwetu. Hata Pasaka sikuja, na Baba alikula mkate wake bila mimi.

Nyaga anasema nikushtaki. Wakili Purity anasema nisifanye chochote, ningoje tarehe. Mimi nimechoka. Usiku na mchana nawaza jambo moja, kwamba nitaingia kilimani siku moja na nitakuwa sina kaka wa kunionyesha njia. Nitasimama mbele ya mwamba huo peke yangu, na maji yatakuwa maji tu.

Kwa hiyo nimeandika barua fupi ya kuliondoa ombi langu, nayo nimeifunga humu pamoja na hii. Nimeiandika kwako. Sikuiandika kwa kampuni, sijui hata adabu ya kuandikia kampuni. Ukiona heri, ipigie muhuri umpe Murungi, mwanao abaki na kilima, na sisi tubaki ndugu. Nakuachia. Sitakuuliza umefanya nini.

Ulikuwa ukinishika mkono tukivuka kijito cha shule, na ukiniachia nilikuwa nakaa kwenye jiwe nakungoja. Bado niko kwenye jiwe.

Karwirwa


Kathima, Meru
Jumapili, 4 Mei 2025

Karwirwa, dada yangu,

Leo sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye kiti cha Mama nje ya jikoni, na shajara yangu ya miezi miwili iko magotini, ili nikueleze kila jambo kwa mpangilio wake na nisiruke kitu. Baba yuko ndani anapiga mswaki jino lake. Anasema nikuandikie kwanza kwamba amekula.

Humu utaikuta barua yako ya kuondoa ombi. Uliiandika kwa kaka yako, kwa hiyo haikuwa na muhuri wa kupigwa. Sitakudanganya kwamba nilikurudishia mara moja. Nilikaa nayo. Mwanangu alikuwa ndani ya bahasha ile, na kiti anachosogezewa Maua. Niliiweka mezani nikazunguka ofisi, nikarudi nikaikuta pale pale, nyembamba, haina uzito hata wa kuzuia upepo, na ilitosha kuondoa mapenzi ya Baba duniani. Sikujua mtu anaweza kuaminiwa kiasi hicho na mtu anayemshuku.

Uliuliza kama nilijua kuhusu miezi miwili. Nilijua. Tarehe 13 Machi, katika kikao kile kile, niliwasomea wakurugenzi sheria yote, kwa Kiswahili halafu kwa Kimeru, na niliandika kwamba nimesoma. Murungi akasema, "Tumesikia." Walisikia kama mtu anavyosikia mvua iliyo bonde la pili. Mwanasheria wa kampuni pia aliwaandikia. Aliwaambia kukataa ni haki yao, lakini lazima wakutane, waamue, na waandike sababu kabla ya siku. Wasipokataa, aliyepewa hisa ana haki ya kuandikwa. Sheria haiwangoji wakubali. Inawangoja wakatae, na ikichoka kungoja inafunga mlango.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nilikuwa nimetangaza kwamba mwanangu ana maslahi. Ningekuambia wewe neno moja, ningekuwa wa kwako. Ningewasukuma wao neno moja, ningekuwa wa Kailemia. Nilibaki na kalamu tu. Na ile barua ya muhuri iliyokuumiza, ya kukuzuia usije: Karwirwa, nakujua. Ungepanda ngazi zile ungemwambia Murungi jambo kuhusu babu yake, na Bundi jambo kuhusu mdomo wake, na kabla hujashuka wangekuwa wamepata walichokosa kwa wiki saba. Wangekuwa na sababu.

Maana hawakuwa nayo. Hilo ndilo nililolishuhudia Jumatano, tarehe 30, na nitalikumbuka mpaka siku yangu. Niliweka karatasi tupu katikati ya meza. Juu yake niliandika neno moja, "Sababu," nikaweka kalamu kando. Nikasema hiki ndicho kikao cha mwisho kabla ya siku, mwenye sababu aitaje niiandike na aitie sahihi.

Bundi akasema, "Sababu tunazijua sote." Nikamwambia anitajie. Akasema wewe ni mwanamke. Salesio akamwambia hilo likifika kortini litarudi na polisi. Bundi akasema basi umeolewa Mbeere. Salesio akamwuliza mwanawe anaishi wapi, nasi sote tunajua yuko Dubai. Mwisho Bundi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona njia, "Jina lake halimo daftarini. Atahamishiwaje na si wa jina?"

Nikaishika kalamu. Nikamwuliza niandike hivyo, kwamba anayeweza kuwa mwanachama ni yule tu aliye daftarini?

Niliona jambo likipita kwenye nyuso zao, moja baada ya nyingine. Salesio alijitazama mikono. Wote watatu wanakalia viti vya babu zao bila karatasi hata moja. Sababu yoyote ambayo wangeiandika dhidi yako ingewageukia wao kwanza, kwa sababu wewe ndiwe mtu wa kwanza aliyeleta karatasi mlangoni. Mvua ilipiga mabati. Salesio aliivuta kalamu, akaitazama ile karatasi nyeupe kwa muda ambao chai yake ilipoa, akairudisha kalamu mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha madhabahuni. Nimekuwa karani maisha yangu yote na nilidhani nguvu ya karatasi iko katika yaliyoandikwa. Watu wazima watatu walitoka chumbani wakipita mbali na karatasi tupu.

Murungi akasema wakati wa kuondoka, "Tuiweke."

Jana, Jumamosi, ilikuwa tarehe tatu. Ofisi haifunguliwi Jumamosi, lakini siku ilikuwa bado yao mpaka jioni, kwa hiyo niliifungua nikakaa. Mtu akija na sababu ilikuwa wajibu wangu kuipokea, hata kama ni dhidi yako. Saa sita hivi nikasikia fimbo kwenye ngazi. Ni Baba. Sikumwita. Alikuwa amekodi bodaboda kutoka Kathima, amevaa koti la harusi yako. Akakaa kwenye benchi la wageni, akaniambia niendelee na kazi.

Alasiri akaja Murungi. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mkononi, Karwirwa. Nami niko chini ya kiapo cha kazi yangu kuipokea. Akapiga hatua mbili ndani, akamwona Baba. Akasimama.

Baba akamtazama kwa upole, akamwuliza, "Murungi, umekuja kunikatalia?"

Yule ni mwenyekiti, ana gari, ana ghorofa pale mjini. Lakini Baba alikaa na babu yake kuanzisha ile kampuni. Alimwona Murungi huyu akijifunza kutembea, akiitwa kwa jina la mtu mzima. Murungi akaikunja ile karatasi tena, ikawa ndogo, akaitia mfukoni.

"Nimekuja kukusalimu, Mzee," akasema. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa naye, wakazungumza habari za mahindi.

Jioni ilipofika nilifungua daftari. Murungi alinitazama nikifungua wino. "Katibu," akasema, "kwani tulikubali?"

"Hapana, Mwenyekiti," nikamjibu. "Hamkukataa."

Alifikiri. Kisha akacheka kidogo puani, kicheko cha mtu aliyegundua amekaa kwenye kofia yake mwenyewe, akasema kweli, hawakukataa. Akatia sahihi cheti chako. Salesio ametia ya pili leo asubuhi akielekea misa. Jina lako ni la arobaini na mbili, na nimeliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni.

Kailemia nilimpigia jana hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akakata. Hajapiga tena. Sijui nitalifanyia nini jambo hilo. Nimeandika tu katika shajara kwamba nimelifanya na nani limemuumiza.

Limebaki moja. Kulia mwa kila jina katika daftari kuna nafasi ya tarehe ambayo mtu ameacha kuwa mwanachama. Nilipomaliza kukuandika wewe ilinibidi nijaze ya Baba. Nilitazama juu, nikatazama chini, nikafunua kurasa zote. Nafasi ile haijawahi kujazwa kwa mtu yeyote. Miaka yote hiyo, mazishi yote hayo, na wino haujagusa hapo. Niliweka ncha ya kalamu kando ya jina la baba yangu mzazi na mkono wangu ukakataa, kwa sababu yeye alikuwa pale pale nyuma yangu anakohoa. Murungi akavua kofia yake, sijui kwa nini. Mwishowe niliandika: 3 Mei 2025.

Baba akainuka kwenye benchi, akaomba aone. Nilimgeuzia daftari, nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama karibu sana, akasoma tarehe yake kwa sauti. Halafu akapanda na kidole chake kile chenye ukucha bapa kutoka jina hadi jina, wenzake wote wa mwaka ule, akiwataja polepole mmoja mmoja kama mtu anayewasalimu barabarani, mpaka akafika juu kabisa ya ukurasa. Mimi na mwenyekiti tulisimama kando yake.

Akajinyoosha, akashika fimbo yake.

"Hawa wote bado wamo," akasema. "Mimi peke yangu ndiye nimetoka kwa miguu yangu."

Kaka yako,
Kithinji